Ugonjwa sugu wa kifua: usiache kutembea kwa kuogopa kuhema

Mgonjwa akitoka kupimwa mapafu kwa spirometa, mashine inayopima pumzi unayopuliza, hupewa karatasi yenye asilimia ya pumzi yake ikilinganishwa na ya mtu mwenye afya, na tangu siku hiyo asilimia ile inageuka kuwa utambulisho wake: "Mimi mapafu yangu yamebaki 40." Nyumbani nako wanaishika hivyo hivyo. Kipimo hicho ni cha lazima. Bila hicho ni rahisi kuchanganya pumu na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, unaofupishwa COPD. Na mwenye pumu anahitaji dawa ya kupuliza yenye steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, wakati si kila mwenye COPD anayeihitaji. Ila karatasi ile haisemi mtu anaishi vipi. Tunawaona kliniki watu wawili wenye asilimia ileile, mmoja amekuja kwa miguu yake, mwingine hata kuoga anaogeshwa.

Mara nyingi kinachowatenganisha ni woga, na miguu.

Mtu anapanda ngazi, anatweta, anaogopa. Kesho yake anaziepuka ngazi, keshokutwa anaepuka kamlima, baada ya miezi anaepuka hata mlango wa nje. Misuli ya mapaja isiyotumika hunywea. Ikinywea hushindwa kuitumia oksijeni vizuri na huanza kutoa asidi mapema, na asidi hiyo huulazimisha ubongo kuagiza pumzi zaidi kwa hatua chache tu. Mgonjwa anahema kuliko mwaka jana na anaamini ugonjwa umepanda, kumbe huenda mapafu yako palepale, kilichoshuka ni miguu. Naye anazidi kukaa.

Ndiyo maana tiba inayobadilisha zaidi maisha ya mwenye COPD haiingii kwenye mapafu kabisa. Inaitwa utengamao wa mapafu: mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu, angalau mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 12, pamoja na mafunzo ya kuishi na ugonjwa. Ukirudia spirometa mwishoni, asilimia kwa kawaida haijasogea. Lakini mwambie mtu yuleyule atembee dakika 6 kwenye korido ya mita 30, utaona amekwenda mbali zaidi. Nyongeza ya mita 30 hivi inatosha mtu kuihisi katika shughuli zake. Kuna pia dodoso fupi la maswali 8, kila moja lina alama 0 hadi 5, linalouliza kuhusu usingizi, nguvu, na kama unatoka nyumbani bila wasiwasi. Alama zikipungua hata 2 tu, hayo ni mafanikio. Binafsi nalithamini dodoso hilo kama ninavyoithamini mashine.

Huduma hii haipatikani kila hospitali, na hilo linasikitisha kwa sababu vifaa vyake si vya gharama. Kama haipo karibu nawe, muulize daktari au mtaalamu wa fiziotherapia namna ya kuanza mwenyewe. Tembea mahali tambarare, kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi lakini huwezi kuimba. Ukihema sana simama, pumzi ikirudi endelea. Kuhema wakati wa zoezi hakuharibu mapafu. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni habari nyingine: hapo acha, ukaonane na daktari kabla ya kurudia.

Kuna ufundi mmoja wa kupumua ambao mgonjwa hapaswi kuondoka kliniki bila kufundishwa. Kwenye COPD tatizo kubwa liko katika kutoa hewa: njia ndogo za hewa hujifunga kabla mapafu hayajamwaga, hewa ya zamani inabaki ndani, na mpya inakosa nafasi. Kuvuta kwa nguvu hakusaidii. Vuta taratibu kwa pua ukihesabu 1, 2. Kisha chongoa midomo kama anayepuliza chai ya moto, toa polepole ukihesabu hadi 4. Upinzani ule mdogo wa midomo huziweka njia wazi kwa muda mrefu kidogo. Ukitaka kuinuka kwenye kiti au kunyanyua kitu, inuka wakati unatoa pumzi. Ukiwa umebanwa, kaa, inamia mbele, egemeza viwiko kwenye magoti au mezani. Feni ndogo ya mkononi ikipuliza usoni nayo hupunguza hisia ya kukosa hewa. Neva za uso ndizo zinazoupa ubongo nafuu hiyo.

Halafu dawa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu dawa nyingi za kupuliza huishia kooni. Kwa kipulizio cha kubonyeza, tikisa, toa pumzi yote, anza kuvuta polepole ndipo ubonyeze, endelea kuvuta, kisha zuia pumzi kwa sekunde 10. Kama ina steroidi, sukutua na uteme. Anayeshindwa kupatanisha mkono na pumzi atumie chemba, kile kichupa kinachokaa kati ya kipulizio na mdomo na kuishikilia dawa mpaka uivute. Chemba hakuna? Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa, kwa watoto wenye pumu, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa na kuzibwa vizuri kuzunguka kipulizio ilifanya kazi sawa na chemba ya kiwandani. Na mwenye pumu anayetegemea kipulizio cha kufungua kifua haraka peke yake yuko hatarini hata kama anajisikia salama. Miongozo ya kimataifa ya pumu iliacha kupendekeza matumizi hayo mwaka 2019.

Oksijeni ya nyumbani ni dawa, ina kipimo chake. Humwongezea maisha mgonjwa wa COPD ambaye oksijeni ya damu iko chini sana hata akiwa ametulia, na aitumie angalau saa 15 kwa siku. Kama kiwango chako ni kizuri lakini unahema, mtungi hautakusaidia. Na penye oksijeni pasiwe na sigara wala moto.

Kundi moja husahaulika: waliopona kifua kikuu. Vijidudu vimekwisha, makovu yamebaki, mtu anakohoa na kuhema miaka mingi. Jirani wanamkwepa, na wakati mwingine anaanzishiwa tena dawa za kifua kikuu bila makohozi kupimwa. Huyu anahitaji vipimo, utengamao uleule, na watu wa nyumbani wanaojua kwamba haambukizi. Aibu ya kukohoa mbele za watu hufungia wengi ndani, ikaja sonona, na sonona hutibika. Hata tendo la ndoa linazungumzika kliniki. Usisubiri daktari akuanze.

Sigara iachwe, moshi wa kuni na mkaa uepukwe kadiri inavyowezekana, chanjo za mafua na nimonia zichanjwe zinapopatikana.

Ndugu wa mgonjwa, msimpokonye kazi zote. Mpeni kiti afanye akiwa amekaa, mpeni muda, msimmalizie sentensi anapovuta pumzi.

Mwombe daktari akuandikie mpango wa siku mbaya, ubandikwe panapoonekana. Makohozi yakiongezeka au yakigeuka rangi, au ukitumia kipulizio cha haraka kuliko kawaida yako, nenda kliniki siku hiyohiyo. Ukishindwa kumaliza sentensi, ukichanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, midomo ikiwa ya buluu au kijivu, hiyo ni dharura: puliza dawa ya kufungua kifua wakati usafiri unatafutwa, na anayekupeleka abebe dawa zako zote na karatasi ile ya mpango.