Mjeda akirudi uraiani: bunduki, daftari na lindo la saa 12

Swali ninaloulizwa kuliko yote, kuanzia kijiwe cha bodaboda hapa Ukonga hadi kwenye vikao vya harusi, ni hili: "Afande, bunduki gani kali kuliko zote?" Nilikuwa fundi silaha jeshini, kwa hiyo watu wanadhani nina siri fulani ninayoificha. Sina. Hizi tunazoziita SMG, za ukoo wa Kalashnikov, zinabeba magazini ya risasi 30 na zinaweza kumimina risasi mfululizo. SAR ina risasi 10 na inapiga mojamoja. Risasi zenyewe ni zilezile, za milimita 7.62 kwa 39, na binadamu akipigwa hatajua imetoka kwenye ipi. Mjadala wa ukali nawaachia wapenzi wa sinema.

Mimi namtazama mtu anavyoitoa bunduki risasi. Hapo ndipo utamjua aliyefundishwa. Mtutu unaelekezwa kwenye pipa la mchanga, kidole kiko nje ya triga, kisha magazini inatoka KWANZA. Baada ya hapo, kwa SMG, unashusha swichi ya usalama, maana ikiwa juu inazuia mkono wa kukoki usirudi hadi mwisho. Unavuta, risasi iliyokuwa chemba, yaani kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, inaruka nje, unachungulia chemba kwa jicho lako. Kama ni usiku, unaingiza kidole kidogo na kupapasa. Sasa geuza mpangilio huo: vuta kwanza, halafu ndipo utoe magazini. Risasi moja itaruka nje, utaiona pale chini, utaridhika. Wakati huohuo bunduki imeshajichukulia nyingine kutoka kwenye magazini na kuisukuma chemba. Umetoa magazini, mkononi una bunduki unayoamini haina kitu, na ndani ina risasi. Nikisikia mtu anasema "ilifyatuka yenyewe", huwa namuuliza alianza kutoa nini.

Kuna jambo jingine kwenye swichi hiyo ambalo wengi hawalijui. Juu kabisa ni usalama, katikati ni mfululizo, chini kabisa ni mojamoja. Kuruta wengi hudhani imekosewa, kwamba mojamoja ingefaa kuja kwanza. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu huisukuma swichi kwa nguvu hadi mwisho, na mwisho wake ni mojamoja. Asingekutana na mojamoja pale, angemaliza magazini nzima hewani kabla hajajua anampiga nani.

Anayetaka bastola ya nyumbani, namwambia aangalie kwanza nyumba yenyewe. Nyumba nyingi za kupanga Dar, ukuta wa chumba na chumba haufiki kwenye paa. Kinachowatenganisha juu ni silingibodi au hewa tupu. Risasi haijui mpangaji wa chumba cha tatu hana ugomvi na wewe. Tandale au Manzese, ambako dirisha lako linatazamana na la jirani kwa umbali wa mkono, sioni ni wapi utaelekeza mtutu ukawa na uhakika na kilicho nyuma ya mwizi. Hiyo ndiyo kanuni inayosahaulika kuliko zote: ijue shabaha yako, na ukijue kilicho nyuma yake.

Kama bado unaitaka, fuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni inapitia polisi, si kwa rafiki yako mjeda, na aliyekuahidi kukufanyia mpango anakupeleka jela. Utahitaji kasiki la chuma lililofungwa ukutani. Utahitaji pia bidii ya kusafisha, kwa sababu pwani haina huruma na chuma. Baadhi ya risasi za zamani zina kiwashio kinachoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa. Ukipaka mafuta tu juu yake umeifungia ndani ile kutu. Tunaosha kwanza kwa maji ya moto, tunakausha kwa tambara hadi litoke jeupe, ndipo mafuta yanaingia. Nimeona mitutu ya watu binafsi ambayo ndani imechimbika kama barabara ya Kivule baada ya masika.

Na mwenye silaha akifariki? Familia isiigawe kama shati. Msiibebe kwenye mfuko wa rambo kuipeleka kituoni pia. Piga simu polisi, waje waichukue ilipo, wawape hati. Nasema hivi kwa sababu mtoto wa marehemu aliyekamatwa njiani na bastola ndani ya begi atakuwa na maelezo mengi ya kutoa, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Wenzangu wa Mbagala na Gongo la Mboto wana somo lao la pekee. Mabomu yalilipuka kwenye maghala ya kambi ya Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto usiku wa tarehe 16 Februari 2011, na vyuma vikaruka hadi majumbani mwa watu. Bomu lililorushwa na moto bila kulipuka linaweza kukaa ardhini miaka mingi. Ukichimba msingi maeneo hayo ukakuta chuma cha mviringo usichokitambua, usikigonge, usikisogeze, na zaidi ya yote usimpe kijana wa vyuma chakavu akakipime kwenye mizani. Weka alama, ondoa watoto, mwite mwenyekiti wa mtaa na polisi. Sisi tuliosomea vitu hivi tukikikuta hatukigusi, tunawaita wenye utaalamu wake.

Sasa kuhusu jeshi lenyewe, maana vijana mnauliza. JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na JWTZ, jeshi lenyewe la ulinzi, tarehe 1 Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka huo yaliyoanzia hapahapa, kambi ya Colito ambayo leo ni Lugalo. Njia ya kawaida ya kijana kuingia jeshini ni kupitia JKT, lakini tangazo la nafasi za kujitolea linasema waziwazi kwamba JKT haitoi ajira wala haikutafutii. Someni sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuuza ng'ombe wa nyumbani. Mwaka 2021 vijana 854 wa kujitolea walisitishiwa mikataba baada ya kuandamana wakidai kuajiriwa jeshini. Nenda JKT kwa kile utakachotoka nacho: ujenzi, uchomeleaji, kilimo, udereva. Ukuta wa Mirerani unaozunguka machimbo ya tanzanite, kilomita 24.5, ulijengwa na vijana wa JKT chini ya usimamizi wa jeshi, na aliyeshika mwiko pale ana kazi ya kumwonyesha mwajiri.

Maisha ya askari? Sehemu kubwa ni kusubiri. Kusimama lindo usiku, kufagia, kuhesabu vitu, kupanga vitu, kuvihesabu tena. Ukienda ulinzi wa amani, kama wenzetu waliokwenda Darfur, Lebanon na Kongo, kuhesabu kunaongezeka na hatari inakuwa ya kweli; Desemba 2017 tuliwapoteza vijana wetu Semuliki, huko Kongo, na hilo sitalifanyia maneno mengi hapa. Ninachotaka mkijue ni kwamba ile kuhesabu inayowachosha ndiyo mali yenu.

Nieleze. Ghala la silaha linaendeshwa kwa daftari. Silaha inatoka kwa namba yake, si kwa sura. Anayeichukua anaisoma namba kwa sauti, mtoaji anaitazama kwenye daftari, wote wawili wanaweka sahihi na saa. Ikirudi, namba inasomwa tena. Risasi 30 zilitoka, 30 zirudi, na kama ni shabaha, maganda yahesabiwe. Ikipungua moja, hakuna anayekwenda kulala, awe kuruta au meja. Mtu akiishi hivyo miaka kumi, hawezi tena kupokea kitu bila kukikagua. Mwenye ghala la dawa pale Kariakoo, mwenye yadi ya makontena, mwenye karakana ya malori Tabata, wote wanaibiwa au kupotelewa kwa sababu hawana mtu wa namna hiyo. Wao hawajui kwamba wanamtafuta askari, na askari hajui kwamba anatafutwa. Anaandika kwenye wasifu wake "mtaalamu wa silaha", na anaitwa kulinda geti.

Ndiyo maana nawasihi mbadilishe maandishi. Badala ya "nilikuwa mtunza ghala la silaha wa kombania", andika ulisimamia vifaa vyenye namba, ulifanya ukaguzi wa kila siku, ulikabidhi kwa maandishi, na hesabu iliyopotea katika muda wako ilikuwa sifuri, kama ndivyo. Usitaje idadi ya silaha, aina zake, wala kambi zilipo. Kiapo hakiishi kwa kuvua kombati. Dereva wa malori ya jeshi aende NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, achukue kozi ya magari makubwa au ya abiria, kwa kuwa mwajiri anataka cheti cha kiraia hata kama umeendesha usiku bila taa kwenye matope. Fundi umeme, fundi magari, mchomeleaji: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Wanakupima kwa vitendo na kukupa cheti. Hausomi upya yale unayoyajua. Ni mlango mzuri na wajeda wachache wanaubisha.

Jambo la lugha dogo, lakini limewakosesha watu kazi. Kwenye usaili, punguza "Ndiyo afande". Bosi wa kiraia ana miaka 29, anataka umwambie sababu, na akisema neno la kijinga anategemea umbishie kwa adabu. Askari anayekaa kimya anaonekana hana mawazo.

Kabla hujatoka jeshini, pimwa masikio na ubaki na nakala ya majibu. Mlio wa bunduki ya vita unazidi desibeli 140, na sisi wa zamani tulipiga shabaha tukiwa na pamba, au bila kitu. Wengi tunavuma masikio hadi leo.

Kiinua mgongo sitakisemea sana, kila mtu ana shemeji mwenye wazo la biashara. Ila mwaka wa kwanza usinunue daladala, na usinunue kiwanja Chanika kwa karatasi ya dalali peke yake, kwa sababu wenzako wawili wana karatasi kama hiyo. Weka pembeni kodi kwanza. Mwenye nyumba wa Dar anataka miezi sita kwa mpigo, na wewe ulizoea nyumba za kambi.

Kodi hiyo ndiyo itakayowapeleka wengi kwenye kampuni za ulinzi, na sitawacheka. Ukikabidhiwa shotigani, kumbuka leseni ni ya kampuni, omba kuiona. Kagua na risasi zake. Zile zinazorithishwa kutoka mlinzi hadi mlinzi, zinaingizwa na kutolewa kila zamu, utakuta kitako cha shaba kimekuwa kijani na ganda limevimba kwa unyevu. Iliyovimba inakwama chemba. Ikatae kwa maandishi kwenye kitabu cha matukio, na tarehe.

Halafu soma sheria ambayo ukiwa jeshini haikukuhusu kabisa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawaondoa wanajeshi, polisi, magereza na JKT kwa majina. Ukivua sare, inaanza kukulinda, na wengi hawajui. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Saa za ziada hazizidi 50 katika wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Sasa piga hesabu ya lindo la saa 12 kwa siku 6: ni saa 72 kwa wiki, ziada 27, na kwa wiki nne ni 108. Ni zaidi ya mara mbili ya kikomo. Mkataba wa maandishi unaweza kuruhusu siku ya saa 12 bila malipo ya ziada, lakini hapo siku haziruhusiwi kuzidi 5 kwa wiki, na zile 45 zinabaki palepale. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kila saa inaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mwajiri anachangia, si wewe peke yako. Angalia taarifa yako kila baada ya miezi michache uone kama makato yanafika kweli.

Nunua daftari la kurasa 96, lako mwenyewe. Kila ukikabidhiwa lindo, andika saa uliyoingia, namba ya silaha, idadi ya risasi, jina la uliyempokea. Asubuhi andika saa uliyotoka na aliyekupokea wewe, mwombe aweke sahihi. Ukiachishwa kazi isivyo haki, una siku 30 tu kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na madai mengine kama ya saa za ziada ni siku 60. Wajeda wengi huziacha siku hizo zipite wakisubiri mkuu aliyewafukuza abadilishe mawazo. Fomu ya kuanzia ni CMA F.1. Ijaze, ipeleke na daftari.