Nani alihesabu? Kutafuta takwimu ukiwa Mtwara au Lindi

Mimi ni mkutubi, nakaa dawati la marejeo kwenye maktaba hapa Mtwara mjini, na maswali ninayoyapenda kuliko yote ni ya takwimu. Wanakuja wanachuo wenye risechi, walimu, vikundi vya akina mama wanaoandaa andiko la mkopo wa halmashauri ile asilimia 10, watu wa redio, wazee wanaofuatilia zahanati ya kijiji chao. Wengi wakifika wameshahangaika na simu mpaka bando limekata na wana namba mbili tatu tofauti za kitu kilekile, hawajui washike ipi. Basi leo nieleze huwa nafanyaje, ili hata aliyeko Liwale au Nanyumbu asiyeweza kufika huku aanze mwenyewe.

Kwanza kompyuta siigusi. Namuuliza mtu: hicho unachokitaka, nani alikuwa na sababu ya kukihesabu? Maana namba haiji yenyewe, kuna mtu alilipwa apite nyumba kwa nyumba, au kuna mtu anaiandika kila siku kwa sababu ndo kazi yake, mpima mzani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), nesi wa kliniki, mwalimu mkuu. Ukishamjua huyo umeshajua pa kutafuta, na mara nyingi umeshajua pia kama namba yenyewe ipo au haipo. Bei ya mnada wa korosho ipo, kila mnada ukiisha inaandikwa. Lakini ukitaka kujua vijana wangapi wa Tandahimba wanataka kuendelea na kilimo, jiulize ni ofisi gani ingewapitia kuwauliza hilo, na kama hakuna basi hiyo ni kazi yako wewe uingie fildi na dodoso lako, na ni bora ulijue hilo mwanzo wa mwezi kuliko siku mbili kabla ya kukabidhi kwa supavaiza.

Sasa niende kwenye korosho maana huku kwetu ndo swali namba moja. Mwanachuo anafika, "Shikamoo dada, naomba takwimu za korosho." Marahaba mdogo wangu, korosho ipi? Anashangaa kidogo, lakini ni swali la kweli kabisa. Unataka ghafi au zilizobanguliwa? Zilizozalishwa au zilizouzwa nje? Tani au shilingi? Mkoa mzima au Newala peke yake? Ghafi na banguliwa tu zinatosha kukuharibia kazi, kwa sababu kilo 4 mpaka 5 za ghafi ndo zinatoa kama kilo 1 ya korosho karanga, yaani iliyobanguliwa, kwa hiyo ukichukua tani za ghafi mwaka huu ukazilinganisha na tani za karanga mwaka ule jedwali lako halina maana tena.

Halafu kuna mwaka. Hapa ndo wengi wanakwama. Bodi ya Korosho, ambayo makao makuu yake yako hapahapa Mtwara, inahesabu kwa msimu, na minada ikianza kwenye Oktoba inavuka mwaka mpya, ndo maana unaona 2017/18 ambapo tulipita tani 313,000, na 2022/23 ambapo tulishuka chini ya tani 190,000. FAO wao, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wanaweka mwaka mmoja mmoja wa kalenda. Mtu anachukua 2017 ya FAO, anaungia 2018/19 ya Bodi, anachora grafu, na grafu inaonyesha kupanda au kushuka ambako shambani hakujawahi kutokea. Ushauri wangu ni huu, chagua chanzo kimoja ukae nacho jedwali zima, hata kama kina mapengo. Pengo linaelezeka kwa sentensi moja, ila mchanganyiko wa vyanzo hauelezeki.

Na bei. Bei ya mnada siyo bei iliyoingia mfukoni kwa mkulima, huu mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka korosho ghalani anapewa risiti na zinauzwa kwa mnada, tulioanza nao kwenye korosho msimu wa 2007/08, una makato yake, ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafirishaji, kwa hiyo kama risechi yako ni ya kipato cha mkulima namba ya mnada pekee inampa kipato asichonacho. Nenda AMCOS ukaangalie malipo yenyewe. Na usisahau msimu wa 2018/19, mnada ulivurugika, na Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hiyo 3,300 nimeiona kwenye majedwali mengi imepangwa mstari mmoja na bei za soko bila neno lolote pembeni. Siyo bei ya soko. Weka alama, andika chini yake kilichotokea. Kwa takwimu za ndani zaidi vyama vikuu vya ushirika ndo penyewe, TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, na upande wa Lindi RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa kule pwani.

Idadi ya watu ndo swali la pili na hapo watu wanadhani ni rahisi. Kwa mkoa ni rahisi kweli, sensa ya 2012 Mtwara tulikuwa 1,270,854 na sensa ya 2022 tukawa 1,634,947, Lindi walikuwa 864,652 wakafika 1,194,028, na zote unazipata bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS. Shida inaanza ukishuka chini au ukirudi nyuma, kwa sababu mipaka inahama. Angalia Manispaa ya Lindi, 2012 haikufika watu 80,000, 2022 imepita 170,000. Kuna kijana aliniletea hiyo akiwa ameandika kabisa kwamba mji wa Lindi umekua mara mbili kwa sababu ya mradi wa gesi. Nikamwambia kaka subiri, kwanza tuangalie ramani. Halmashauri ya Wilaya ya Lindi iligawanywa katikati hapo, upande wa Mchinga ukaingia manispaa, upande mwingine ukawa Halmashauri ya Mtama. Watu wengi wapo palepale walipokuwa, mstari ndo umewapitia juu. Masasi nayo ni vilevile, ukichukua sensa ya 2002 ndani yake kuna Nanyumbu, ukichukua 2012 Nanyumbu ni wilaya yake. Na ukienda mbali mpaka sensa ya 1967, ile ya kwanza baada ya uhuru, mkoa wa Mtwara unaousoma pale ni pamoja na Lindi nzima, maana Lindi ilikatwa kuwa mkoa 1971. Kwa hiyo kabla hujatoa asilimia ya ukuaji, uliza jina hili mwaka ule lilikuwa linafunika eneo gani. Ripoti nyingi za sensa zina ramani kurasa za mwanzo, watu wanaziruka, mimi nawaomba waanze nazo.

Mzee mmoja wa kijiji cha upande wa Nanyamba alitaka idadi ya watu wa kijijini kwake kwa ajili ya barua ya zahanati. Tulimtolea namba ya kata kutoka sensa, halafu nikamwelekeza kwa mtendaji wa kijiji kwenye rejista ya wakazi, na nikamsihi sana asichanganye hizo mbili kama ni kitu kimoja. Kwenye barua aliziweka zote, kila moja na chanzo chake na mwaka wake. Barua ya namna hiyo hata ofisa akiikataa atalazimika kujibu kwa namba.

Afya ina kona yake. Kuna namba za MTUHA, zile zinazotoka kwenye rejista za vituo, na kuna namba za utafiti wa kaya kama ule wa Demografia na Afya na Viashiria vya Malaria wa 2022. MTUHA inamhesabu aliyefika kituoni. Utafiti unamfuata mtoto nyumbani na kumpima. Ndo maana zinatofautiana na hakuna inayodanganya, zinajibu maswali tofauti. Huo utafiti wa 2022 ulionyesha watoto wa miezi 6 mpaka 59 wenye malaria nchini ni kama asilimia 8, Mtwara ni kama 20, yaani mara mbili na zaidi, na namba hiyo inaniuma kila ninapoitoa. Lakini mtu akiniuliza basi Newala ni ngapi, kwenye utafiti huo hapati, sampuli yake imepangwa kutosha kwa mkoa, haishuki wilayani. Kwa wilaya ni MTUHA, kwa mganga mkuu wa wilaya. Hali ni hiyohiyo kwenye utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, ule uliotoa umaskini wa asilimia 26.4 kwa Tanzania Bara. Usiichukue 26.4 ukaibandika kijijini kwenu.

Shule sitakaa sana, takwimu za elimu msingi TAMISEMI wanatoa kila mwaka na matokeo ya mitihani yako NECTA shule kwa shule.

Wale wa shahada ya uzamili wanaotaka data ghafi yenyewe, kaya kwa kaya, waichambue kwa programu kama Stata au SPSS, waangalie hazina ya data ya NBS, na ule utafiti wa kufuatilia kaya zilezile ulioanza 2008/09 uko pia kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia, unajisajili, unaeleza matumizi, unapakua. Pakua na dodoso pamoja na maelezo ya sampuli. Bila dodoso utakuta safu zina majina kama vifupisho tu na utaanza kubahatisha, na ukisahau kutumia uzito wa sampuli, yaani namba inayoonyesha kila kaya iliyohojiwa inawakilisha kaya ngapi, majibu yako yote yatapinda.

Namba ikipatikana, hapohapo andika nani aliitoa, ripoti ya mwaka gani, jedwali namba ngapi, ukurasa. Sawa piga picha ya skrini, lakini piga na jina la jedwali na maelezo madogo ya chini, siyo namba tupu, maana yale maelezo madogo ndo yanasema kama ni makadirio au ni hesabu kamili. Na kama ofisi unayokwenda ni ya meneja takwimu wa mkoa au ya halmashauri, nenda na barua ya utambulisho kutoka chuoni au kwenye kikundi chako, na ndani ya barua taja kabisa kitu, eneo na miaka. Barua iliyoandikwa "naomba takwimu za kilimo" inakaa kwenye tray, iliyoandikwa "uzalishaji wa korosho ghafi kwa tani, kata zote za Tandahimba, msimu wa 2018/19 hadi 2022/23" mtu anaweza kuifungulia faili siku hiyohiyo.