Jicho la Angani: Pengo la India na Pakistan

Katika mnada wa chai wa Mombasa, Pakistan ndiye mnunuzi mkubwa kuliko wote, na katika maduka ya nafaka ya Mwembe Tayari gunia la mchele wa Pakistani halikosi. Kwa hiyo mtu akiniuliza mashindano ya angani kati ya nchi hiyo na India yanatuhusu nini, siendi mbali kutafuta jibu.

Wengi hawajui kwamba Pakistan ndiyo iliyotangulia. Shirika lake la anga, SUPARCO, lilianzishwa mwaka 1961, na roketi yake ya Rehbar-1 iliruka Juni 1962, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya India kurusha ya kwanza huko Thumba. Hata hivyo, mwaka 1980 India iliweka setilaiti kwenye mzingo wa kuizunguka dunia kwa roketi yake yenyewe, ilhali Pakistan hadi leo hurushiwa na wengine, hasa China.

Tofauti hiyo si ya fahari tu. Mwenye setilaiti za rada, zinazopenya wingu na giza, huona vikosi vikisogezwa usiku. Asiyenazo hununua picha sokoni au huomba kwa rafiki, na rafiki ndiye anayeamua ampe nini na lini. Nchi zote mbili zina silaha za nyuklia, na hapo ndipo penye hatari yenyewe: anayehofu kwamba makombora yake yanaonekana hata yalikofichwa hushawishika kuyatawanya, kuyahamisha kila mara na kuwaachia makamanda wa chini uamuzi wa kuyafyatua, wakati ambapo taharuki imepanda na muda wa kuhakikisha habari ni dakika chache.

Tarehe 27 Machi 2019, mwezi mmoja baada ya ndege zake kushambulia Balakot, ndani ya Pakistan, India iliitungua kwa kombora, kama jaribio, setilaiti yake yenyewe iliyokuwa takriban kilomita 300 juu. Pakistan ilitishika, lakini kwa maoni yangu aliyelengwa zaidi alikuwa China, iliyofanya jaribio kama hilo mwaka 2007. Mizani ya watu watatu haipimiki kwa kuwatazama wawili.

Kila tarehe 1 Januari, India na Pakistan hubadilishana orodha za vituo vyao vya nyuklia, na tangu 2005 zina makubaliano ya kuarifiana kabla ya kujaribu makombora ya balistiki. Kuhusu kutungua setilaiti, hakuna anayelazimika kumwarifu mwenzake.