Ukitaka kuona nguva, usiniombe siku ya jua

Kila msimu ujumbe ni ule ule: "Kaka, tunakuja Florida, tupangie siku yenye jua tuone nguva." Nami nawajibu, ngojeni baridi ikaze. Nawatembeza watu kwa kayaki hapa Crystal River, na hili ndilo gumu kuliko yote kuwaaminisha.

Nguva wa huku, mnyama wa majini aitwaye manatee kwa Kiingereza, ana urefu wa kama mita tatu na uzito wa yapata nusu tani. Ukimtazama utadhani kajaa mafuta, kumbe wapi! Mwili wake huchoma chakula polepole mno, kwa hiyo maji yakikaa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi anaugua, anaacha kula, hata kufa. Chemchemi za hapa hububujika zikiwa na nyuzi 22 mwaka mzima. Ghuba ya Meksiko ikipoa, kuanzia Novemba hadi Machi, nguva huingia mtoni kwa mamia kuota joto. Kukiwa na jua wanatawanyika kula nyasi za majini, na wewe umelipa kutazama mchanga.

Asubuhi ya baridi mvuke hutanda juu ya chemchemi, huoni kitu. Unasikia tu "pfuu!" Tundu mbili za pua zimefunguka, zikajifunga tena kama vifuniko. Kisha kimya, dakika tatu, nne.

Ukishuka majini, elea tu. Kuna mgeni alipiga mateke kuwafuata watatu waliolala. Wakaamka, wakatokomea kwenye maji ya baridi. Unakuwa umemvua mtu blanketi. Ukitulia, mara nyingine mwenyewe anakuja na ndevu zake kukunusa. Hapo mwangalie mkono: una kucha, kama za tembo. Ni ukoo mmoja, wao na pimbi. Hata magego yake husogea kutoka nyuma kwenda mbele, kama ya tembo. Yule nguva wetu wa Rufiji na Mafia ana mkia wa panda kama pomboo. Huyu wake ni mviringo, mwiko wa ugali kabisa.

Mgongoni utaona makovu ya mistari mistari. Ni propela za boti. Watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa makovu hayo.

Na msiwanyweshe kwa mpira wa bustani pale gatini. Wanayapenda maji yasiyo na chumvi, ndiyo, lakini ni kosa kisheria, na wanazoea kusogelea boti.

Tukutane saa moja kasoro asubuhi. Suti za kuzamia ninazo. Kofia ya sufu njoo nayo.