Darubini ya joto juu ya dungu: hesabu pikseli kwanza

Tangazo la darubini ya joto huanza na namba moja kubwa: inaona mita 900, mita 1,200, mita 1,800. Anayeamia mahindi kando ya Mto Sabaki, kuanzia Jilore hadi karibu na Mambrui mto unapomwaga maji baharini, hana kazi na namba hiyo. Shamba la ekari 3 lenye pande sawa lina mita 110 hivi kila upande, na la ekari 5 halifiki mita 145. Kujua kwamba kuna kitu gizani hakumtoshi. Anataka kujua ni nini. Akiwa ni kiboko aliyepanda kutoka mtoni, unabaki juu na kuwapigia majirani simu wasitoke nje. Nguruwe mwitu unampigia debe. Mbuzi wa jirani aliyekata kamba anangoja asubuhi. Mtu anaitwa kwa sauti, tena mapema. Ukiwa na doa jeupe lisilo na umbo, hujui ufanye lipi kati ya hayo.

Kwa hiyo mimi huanza na pikseli. Darubini hizi hazikuzi nuru kama zile za zamani zenye picha ya kijani. Zinapokea joto linalotoka kwenye kila kitu, mawimbi ya mikroni 8 hadi 14 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kulichora kuwa picha. Kihisi kina vijumba vidogo, ndizo pikseli, na siku hizi kijumba kimoja mara nyingi kina upana wa mikroni 12. Ukijua namba hiyo na urefu wa lenzi kwa milimita, unaweza kupiga hesabu mwenyewe hapo hapo dukani: gawa 12 kwa urefu wa lenzi, kisha zidisha kwa 10. Jibu ni sentimita zinazofunikwa na pikseli moja kwa umbali wa mita 100. Lenzi ya milimita 25 inakupa sentimita 4.8. Ya milimita 19 inakupa 6.3, na ya milimita 35 inakupa 3.4. Kihisi cha zamani cha mikroni 17 chenye lenzi ile ile ya 25 kinakupa 6.8, na ndiyo sababu darubini mbili zenye lenzi sawa zinaweza kutofautiana bei sana.

Sasa mpime mnyama. Kanuni inayotumika hadi leo ilitokana na kazi ya John Johnson, mtafiti wa jeshi la Marekani, mwaka 1958. Kwa lugha ya pikseli, mbili hivi kwenye kimo cha kitu zinatosha kujua kuna kitu. Sita hadi nane zinatosha kutambua ni aina gani. Kumi na tatu hivi zinahitajika ili uwe na hakika. Ile mita 1,200 ya kwenye tangazo ni umbali wa zile pikseli mbili, tena kwa mtu mzima aliyesimama wima mahali peupe. Nguruwe mwitu ana kimo cha sentimita 70 hivi. Kwa lenzi ya 25 utamtambua kwa pikseli nane akiwa mita 180. Kwa lenzi ya 19, ni mita 138. Kiboko ana kimo mara mbili ya hapo, na yeye utamjua kwa darubini yoyote ya heshima. Nungunungu ndiye anayewatesa wenye mihogo na ndiye mgumu kuliko wote: ni mfupi, na miiba ya mgongoni huzuia joto lisitoke, kwa hiyo kinachong'aa ni uso na miguu tu. Ukiona vijidoa viwili vitatu vinavyotambaa pamoja chini kabisa, mfikirie yeye.

Ngiri usimhesabu. Usiku analala shimoni. Nyani naye analala mtini, na tumbili vivyo hivyo. Anayenunua kifaa hiki kwa ajili ya nyani ananunua dawa ya ugonjwa mwingine.

Lenzi ndefu ina gharama yake. Kihisi cha 384 kwa 288 chenye lenzi ya 35 kinaonyesha upana wa mita 13 tu kwa umbali wa mita 100. Ukiwa dunguni katikati ya shamba dogo, hiyo ni sawa na kulinda nyumba kwa kuchungulia tundu la ufunguo: nguruwe watatu wanaingia upande wa kulia huku wewe unamkagua mmoja kushoto. Lenzi ya 25 inafungua hadi mita 18, na ya 19 hadi mita 24. Kwa shamba lisilozidi ekari 5 ningechukua kihisi cha 384 na lenzi ya 19 au 25, na wala nisingehuzunika kuiacha ile ya 35 dukani. Ndefu zinafaa ranchi, au uwanda ulio wazi. Kihisi cha 256 kwa 192 chenye lenzi ya milimita 10 ni cha bei nafuu na kinafaa boma la mbuzi, lakini nguruwe aliye mita 100 anapata pikseli sita bila ziada. Kukuza picha kwa kitufe hakuongezi kitu. Kunatanua vijumba vile vile hadi mnyama aonekane kama matofali yaliyopangwa vibaya.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na kwetu pwani ndilo linaloamua. Video nyingi za matangazo zimepigwa kwenye nchi za baridi. Ardhi ina nyuzi 2, mnyama ana 30, na picha inakatika vizuri kama wembe. Malindi mwezi wa Februari, kaskazi imetulia, udongo saa tatu usiku bado una nyuzi 26 au 27, na ngozi ya mnyama haijaupita sana. Hewa nayo imejaa mvuke, na mvuke unameza sehemu ya joto njiani kabla halijafika kwenye lenzi. Mawe ya matumbawe na kuta zilizopigwa jua mchana zinawaka mpaka usiku wa manane. Ndiyo sababu usidharau namba ya wepesi wa kihisi, ile inayoandikwa kwa milikelvini. Milikelvini 25 maana yake kinatofautisha nyuzi 0.025. Kwa hali yetu nisingenunua kinachozidi 25, hata kama cha 40 kina lenzi ndefu zaidi kwa bei hiyo hiyo. Uliza pia ufunguzi wa lenzi: yenye f/1.2 hupokea kama asilimia 69 tu ya joto linalopokelewa na yenye f/1.0. Kihisi chepesi nyuma ya lenzi yenye ufunguzi mdogo ni pesa iliyokwama.

Kuna nyakati mbili kwa siku ambapo mazingira yanafikia joto la mnyama na picha inakufa: muda baada ya jua kutua, na tena muda baada ya kuchomoza. Usidhani kifaa kimeharibika. Mvua ya masika, hasa Mei, inasawazisha joto la majani na udongo hadi usione mpaka wa shamba, na mnyama aliyelowa hung'aa kidogo kuliko kawaida. Karibu na mto kuna mtego mwingine. Usiku maji yana joto kuliko nchi kavu, kwa hiyo mto unang'aa mweupe, na kiboko anayetoka akiwa amelowa anaweza kuonekana mweusi mbele yake. Anayetafuta kitu cheupe peke yake atampita. Badilisha rangi mara kwa mara, moto uwe mweupe kisha moto uwe mweusi, na mtoni tafuta umbo badala ya mwanga.

Dungu lenyewe ni nusu ya kazi. Joto halipenyi majani. Mahindi ya miezi miwili yanamficha nguruwe kabisa kwa mtu aliyesimama chini, ilhali kutoka jukwaa la mita 3 unaona mgongo wake kati ya mistari. Halipenyi kioo pia, ndiyo maana lenzi hizi hutengenezwa kwa madini ya jerimaniamu. Ukichungulia kupitia dirisha la gari utaona joto la kioo na uso wako mwenyewe.

Mchana, pima umbali kwa kamba au kwa hatua, kisha weka alama. Rangi nyeupe haina maana usiku. Dumu la lita 20 lililojaa maji na kuachwa juani litang'aa kwa saa kadhaa baada ya giza. Kwa usiku kucha, chukua kipande cha bati jipya linalometa, ukubwa wa sahani, ukiinamishe kielekee juu: kinaakisi ubaridi wa anga na kuonekana cheusi hadi alfajiri, ila anga likifunga mawingu mazito weusi huo unapungua. Weka kimoja mita 50, kingine 100, kingine 150. Bila alama hizo macho hudanganyika vibaya, maana kwenye picha ya joto paka wa karibu na nguruwe wa mbali wana ukubwa mmoja.

Kurekebisha picha kuna mpangilio, na wengi huugeuza. Anza na kipande cha jicho hadi maandishi ya kwenye skrini yasomeke wazi. Ndipo uzungushe lenzi ya mbele kwa kitu kilicho umbali unaolinda. Ukianza na ya mbele, utahangaika usiku kucha na kulaumu kifaa. Picha ikianza kuwa na michirizi au doa lisilohama, funga kifuniko na uamuru kifaa kijipange upya. Kile kimlio kidogo cha "tik" ni shata ya ndani, si hitilafu. Punguza mwanga wa skrini hadi chini kabisa panapofaa, la sivyo jicho ulilotumia halitaona hata ngazi ya dungu ukitaka kushuka. Tembeza darubini polepole. Yenye picha 50 kwa sekunde inavumilia mkono wa haraka kidogo, ya picha 9 inaburuta na kumfuta mnyama anayekimbia.

Kuhusu betri, nyingi hutumia zile za duara za 18650. Ya kweli ina mAh 3,000 hadi 3,500. Inayoandikwa 9,900 ni uongo ulioandikwa kwa wino mzuri, na mara nyingi huisha kabla ya saa nne usiku. Betri ya mAh 3,200 hubeba nguvu ya saa-wati 11.5, kwa hiyo kifaa kinachokula wati 2 kitadumu chini kidogo ya saa sita. Kuamia kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa kumi. Beba mbili, na ya tatu ikae mfukoni. Paneli ya wati 10 ikikaa juani kwa muda wa saa tano inatosha kuzijaza.

Swali linalokuja kila mara ni kama inaweza kufungwa kwenye bunduki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inawalinda wanyama hawa hata wakiwa ndani ya shamba lako, na silaha bila leseni ni kosa zito. Nchi kama New Zealand, ambako wakulima wanaruhusiwa kuua waharibifu usiku, wajuzi bado hubeba mbili: ya mkononi kwa kutafuta, ya bunduki kwa kulenga tu. Ile ya bunduki ina upana mdogo wa kuona, huongeza uzito juu ya silaha, kifungio chake lazima kistahimili teke la kila risasi, na shabaha husawazishwa mita 100 kwa kipande cha karatasi ya alumini kilichobandikwa kwenye boksi, maana alama ya wino haionekani. Kubwa kuliko yote, anayetafuta kwa darubini ya bunduki anamwelekezea mtutu kila anachokitazama, pamoja na mtoto wa jirani anayerudi nyumbani. Kwa mlinzi wa shamba, ya mkononi ndiyo chombo chenyewe.

Mjulishe chifu, Nyumba Kumi na kituo cha polisi kabla ya usiku wa kwanza. Upande wa Lamu, kuanzia Witu hadi Hindi, hili si adabu tu. Vikosi vya usalama hufanya doria usiku, na mtu aliyejificha na chombo jichoni anaweza kueleweka vibaya. Mashamba ya Mpeketoni yaliyo karibu na Ziwa Kenyatta yana viboko kama Sabaki, na ushauri wa lenzi ni ule ule. Chagua darubini inayorekodi, na uweke tarehe na saa sahihi. Ukienda KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kudai fidia ya mazao, picha ya kiboko ndani ya mistari yako ina uzito kuliko nyayo zilizokwisha kukanyagwa na ng'ombe.

Chumvi ni adui wa polepole. Alama ya IP67 inamaanisha kifaa kimepimwa kwenye maji yasiyo na chumvi, kina cha mita 1 kwa dakika 30. Haikuahidi chochote kuhusu upepo wa kusi kutoka baharini. Usiipanguse lenzi ikiwa kavu, kwa sababu chembe za chumvi hukwaruza. Mwagia kwanza maji safi yasiyo ya kisima cha chumvi, kisha ukaushe kwa kitambaa laini kwa kugusa. Fungua mlango wa betri kila wiki, futa vigusio, na uhifadhi kifaa kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vifuko vya kukausha unyevu.

Na funga kifuniko cha lenzi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kwetu jua huchomoza baharini, chini kabisa, na dungu linalotazama mashariki hulipokea moja kwa moja. Lenzi hulikusanya jua hilo na huweza kuunguza kihisi hata kama kifaa kimezimwa, na alama yake huenda isitoke.