Vinyweleo Vilivyolala: Maabara Wanatafuta Nini Kwenye Kipara

Kipara cha kawaida cha wanaume si shamba lililokufa. Ukichukua kipande kidogo cha ngozi yake na kukitazama kwa hadubini, utakuta vinyweleo, yaani vishimo vinavyootesha nywele, bado vipo, vimesinyaa, na seli shina ndani yake, zile zinazozaa seli mpya, zimelala. Maabara wanatafuta molekuli ndogo ya kuziamsha.

Kwa nini molekuli ndogo? Kwa sababu ngozi ni bawabu mkali. Kwa kawaida, molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) haipenyi ngozi isiyo na jeraha. Minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ina 209 hivi, ndiyo maana hupakwa ikafika. Insulini ina karibu 5,800. Ipake kutwa kucha, itabaki juu juu. Minoksidili yenyewe ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, hadi wagonjwa walipoanza kuota malaika mwilini. Marekani iliidhinisha ile ya kupaka mwaka 1988.

Kinachonivutia zaidi ni kazi iliyochapishwa 2017 na kundi la William Lowry na Heather Christofk, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Waligundua kwamba seli shina za nywele hutumia sukari tofauti na seli jirani. Glukosi ikivunjwa hutoa pairuveti, nayo ina njia mbili: iingie kwenye mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, au igeuke lakteti. Seli hizi huelemea lakteti, hasa zinapoamka. Basi wakawapaka panya UK5099, molekuli inayoziba mlango wa pairuveti kwenye mitokondria. Lakteti ikaongezeka, nywele zikaota kabla ya wakati wake.

Lakini panya ni panya. Vinyweleo vyake hulala na kuamka kwa mawimbi, eneo zima kwa pamoja; vya binadamu kila kimoja kina ratiba yake. Anayekuuzia mafuta kwa ushahidi wa panya, mwulize matokeo ya watu yako wapi.

Halafu kuna upara usiohusiana na usingizi kabisa. Akina dada wengi hunyonyoka kwenye kingo za paji la uso kwa misuko iliyokazwa mno. Mapema, ukifumua, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, kinyweleo hugeuka kovu, na kwenye kovu hakuna seli shina ya kuamshwa. Dalili za mwanzo ni vipele na maumivu siku ya kusukwa, yale mnayoambiwa mmeze panadoli muyavumilie.