Viza ya masomo Ujerumani: maneno ya mitaani na ukweli wa karatasi

"Dada shikamoo. Samahani kukusumbua usiku. Mjomba anasema tuchangishane milioni 35, tuziweke benki wiki mbili, ubalozi uzione, halafu kila mtu arudishiwe chake. Inakubalika?"

Ujumbe wa namna hii huniingia kila mwaka kuanzia Juni, barua za udahili za Ujerumani zinapoanza kutoka. Nilisoma huko, na tangu nirudi nimekaa na wadogo zangu wengi mezani tukipanga vyeti vyao. Wengi waliokwama walikuwa na uwezo wa darasani. Kilichowakwamisha ni maneno ya watu wanaowapenda, yaliyosikika mahali fulani miaka mingi iliyopita na kupokezana hadi yakawa sheria. Nayachukua yale yanayonijia mara nyingi zaidi.

"Pesa ni ya kuonyesha tu"

Mjomba hakuwa na nia mbaya. Zipo nchi zinazoangalia taarifa ya benki ya miezi kadhaa, na wazo la kukopa salio kwa muda limetokea huko. (Huko nako maofisa huuliza fedha iliyoingia ghafla imetoka wapi.) Ujerumani inataka kitu kingine, akaunti iitwayo Sperrkonto, maana yake akaunti iliyofungwa. Unaifungua kwa jina lako kabla ya kuomba viza, na unaweka fedha ya kujikimu mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904. Ukishaweka, huwezi kuigusa. Ukifika Ujerumani na kufungua akaunti ya kawaida ya benki, inaanza kukuingilia euro 992 kila mwezi mpaka iishe.

Kwa hiyo aliyekukopesha kwa wiki mbili hatapata chake kwa wiki mbili. Labda umrudishie kidogo kidogo kutoka kwenye hizo 992, na hapo utalala wapi na utakula nini? Nimeshuhudia undugu ukivunjika kwa jambo hili. Kijana alifika salama, viza safi, na shangazi yake alikuwa akingoja fedha ya ada ya watoto wake mwenyewe ambayo haikuwa na njia ya kutoka.

Kuna na wanaoamini kinyume chake, kwamba fedha hiyo ni malipo kwa serikali ya Ujerumani na ikienda imekwenda. Si kweli pia. Ni yako. Ukinyimwa viza unapeleka barua ya kukataliwa kwa wanaotunza akaunti na wanakurudishia, wakikata gharama zao. Mzee mmoja aliyekuwa tayari kuuza shamba alikataa kabisa mpaka tulipomkalisha na kumsomea masharti mstari kwa mstari. Alipoelewa kwamba fedha ni ya kumlisha mwanawe, hakuna ofisi inayoila, aliuliza swali moja tu: akiumwa, itamtosha? Ni swali zuri kuliko maswali mengi ninayoulizwa.

Jibu lake ni kwamba bima ya afya inatoka humo humo. Mwanafunzi wa chini ya miaka 30 anaingia bima ya umma kwa bei ya wanafunzi, karibu euro 150 kwa mwezi, na kinachobaki ni cha pango na chakula. Katika mji kama München, chumba peke yake kinaweza kula zaidi ya nusu ya 992. Anayekwenda kusoma shahada ya uzamili akiwa ametimiza miaka 30 ajue kwamba bei hiyo ya wanafunzi haimhusu, na ahesabu mapema.

Jambo dogo ambalo limewachelewesha wengi ni makato ya njiani. Fedha ikitumwa kutoka Dar es Salaam au Nairobi hupitia benki moja au mbili kabla ya kufika, na kila moja huchukua chake. Zikifika pungufu kwa euro 15, cheti cha uthibitisho hakitoki mpaka umalizie, na kumalizia ni kutuma upya. Tuma na ziada kidogo.

Kwa asiye na kiasi hicho zipo njia nyingine halali: barua ya ufadhili wa masomo, au mtu anayeishi Ujerumani mwenye kipato cha kutosha akaenda ofisi ya wageni ya mji wake na kutia saini dhamana ya kukugharamia. Dhamana hiyo inaitwa Verpflichtungserklärung. Ni mzigo wa kisheria kwa anayesaini. Ukitumia fedha ya umma huko, yeye ndiye atakayedaiwa, kwa hiyo usimwombe binamu kana kwamba unamwomba vocha.

"Herufi moja haina neno"

Cheti changu cha kuzaliwa kinasomeka Zainabu. Paspoti inasomeka Zainab. Nyumbani ni mtu yule yule, na hata mwalimu mkuu aliniita vyovyote alivyojisikia siku hiyo. Nilipofika dirishani ubalozini na bahasha yangu ya kaki, dada aliyekuwa upande wa pili wa kioo aliweka vyeti viwili sambamba, akaweka ncha ya kalamu kwenye ile "u", kisha akanitazama. Hakusema neno. Nilirudi nyumbani na bahasha yangu.

Majina yetu yana maisha yake. Karani wa kijiji aliandika alivyosikia, shule ikaandika alivyotamka mwanafunzi, cheti cha kidato cha nne kikabeba majina mawili, kitambulisho cha taifa kikabeba matatu, na paspoti ikageuza mpangilio ikafanya jina la babu kuwa la ukoo. Kwetu hilo halishangazi mtu. Kwa anayesoma faili akiwa hajawahi kukuona, kila tofauti inaleta swali kama vyeti hivi ni vya mtu mmoja kweli.

Dawa yake ni kiapo cha majina kwa wakili, kinachotaja kila namna jina lako lilivyoandikwa na kila hati inayohusika. Kenya wanayo pia deed poll kwa anayebadilisha jina kabisa. Ila anza na paspoti. Kama bado hujaitengeneza, ifuate vyeti vya shule herufi kwa herufi, kwa sababu kurekebisha paspoti ni kazi ya wiki, na cheti cha mtihani wa taifa ni kazi ya kukatisha tamaa. Ukishafika Ujerumani, jina la paspoti ndilo litakaloandikwa kwenye bima, benki, chuo na kadi ya ukaazi.

"Kuna mtu wa ndani"

Hakuna. Kupanga miadi ubalozini hakulipiwi. Ada ya viza ya muda mrefu ya Ujerumani ni euro 75, unalipa kwa kiwango cha siku hiyo na unapewa stakabadhi. Anayekuomba laki tano "za kusukuma faili" anaziweka mfukoni, kisha anangoja. Ukipata, atasema ni yeye. Ukikosa, atasema ulichelewa kumpa.

Kibaya zaidi, wengine hukuwekea karatasi ambazo hujawahi kuziona: barua ya mwajiri ambaye hajawahi kukuajiri, cheti cha lugha ulichofanyiwa na mtu mwingine. Hapo jina ni lako na saini ni yako, na hati ya kughushi ni kosa la jinai kwako pia, siyo kwake peke yake. Nawasihi wanaonijia wasome kila ukurasa unaokwenda chini ya jina lao, hata kama umechapwa na kaka yao wa damu.

Barua ya kueleza kwa nini unataka kusoma nayo ni ya kuandika mwenyewe. Steshenari moja inaweza kuwa na barua hiyo kwenye kompyuta, na wateja kumi wakabadilisha jina na mji tu. Nimewahi kushika mbili zenye kosa lile lile la tahajia katika sentensi ya tatu. Ofisa anataka kuona uhusiano kati ya ulichosoma, unachokwenda kusoma, na unachotaka kufanya. Ulisoma uhasibu na sasa unaomba uhandisi wa maji? Inawezekana, ila eleza. Kama kisima cha kijijini kwenu kiliharibika miaka mitatu bila fundi, sema hivyo, kwa maneno yako.

"Ingia kwa viza ya kutembea, utabadilisha huko huko"

Raia wa nchi chache, Marekani na Japani zikiwemo, wanaweza kuingia bila viza wakaomba ukaazi wakiwa ndani. Sisi wa Afrika Mashariki hatumo. Viza ya Schengen ya siku 90 kwa kawaida haigeuzwi kuwa ya masomo, na utaambiwa urudi kuomba nyumbani, ukiwa umeshalipa nauli mara mbili.

"Ujerumani elimu ni bure"

Karibu, lakini siyo kote. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila vinatoza mchango wa kila muhula. Jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo kikuu cha ufundi cha München kimeanza kuwatoza wapya wao kati ya 2,000 na 6,000 kutegemea kozi. Heidelberg na Stuttgart zimo katika jimbo hilo la kwanza, na kila mwaka nakutana na mtu aliyedahiliwa huko bila kujua. Ada hiyo ni juu ya zile 11,904.

Na anayesema atafanya kazi alipie yote, sheria inampa siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Zinasaidia sana. Hazijengi mwaka wa kwanza, maana kazi ya mwanzo haipatikani siku ya kushuka ndege.

"Viza ikigongwa, karatasi zimekwisha"

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu mtu ameshavuka mto halafu anazama ukingoni.

Viza unayopewa mara nyingi ni ya miezi michache tu, ingawa wengine hupewa hadi mwaka. Ni mlango. Kibali cha kuishi unakiomba ukiwa ndani. Angalia kwanza tarehe ya kuanza: ukikata tiketi ya kutua siku moja kabla yake, hauingii. Ukipata chumba, una wiki mbili kujiandikisha kwenye ofisi ya mji, na ofisi itakudai karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli umehamia kwake. Anayekaa kwa rafiki kwa siri hapati karatasi hiyo, na bila usajili mambo mengi yanayofuata yanakwama.

Andika jina lako kwenye sanduku la barua siku hiyo hiyo. Nalisema hili kwa kila anayeondoka na wote huliona dogo. Ujerumani barua hufika kwa jina lililobandikwa mlangoni, haziangalii namba ya chumba. Jina likikosekana, barua inarudi ilikotoka, na ndani yake ilikuwa miadi ya ofisi ya wageni, kadi ya benki au namba ya kodi. Mdogo wangu mmoja alingoja kadi yake ya benki wiki sita akila kwa kukopa, kumbe ilikuwa imeshakuja na kurudi mara mbili.

Ofisi za wageni katika miji mikubwa zimezidiwa, na miadi inaweza kuangukia baada ya viza yako kuisha. Usikae kimya kwa kuogopa. Ukituma maombi ya kibali kabla ya viza kuisha, sheria inahesabu ukaaji wako kuwa unaendelea mpaka waamue, na unaweza kupewa karatasi ya kuthibitisha hivyo, Fiktionsbescheinigung. Ukiomba siku moja baada ya kuisha, hadithi ni nyingine kabisa. Kwa hiyo tuma mapema, na uhifadhi ushahidi kwamba ulituma na tarehe yake.

"Ukikataliwa, umefungiwa"

Kukataliwa hakukuzuii kuomba tena. Kilichobadilika ni kwamba zamani ungeweza kuandika barua ya pingamizi ubalozini bila gharama, na njia hiyo ilifutwa kwa balozi zote za Ujerumani tangu Julai 1, 2025. Wapo bado wanaowashauri wadogo zao waandike pingamizi na kungoja. Hawatajibiwa. Zimebaki njia mbili: kuomba upya, au kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin, ambayo inataka fedha na subira.

Wengi huomba upya, na wengi hukosea palepale kwa kupeleka faili lile lile. Barua ya kukataliwa inataja sababu. Isome na mtu anayejua Kijerumani vizuri, siyo kwa kukisia. Kijana mmoja wa Tanga aliandikiwa kwamba lengo lake la masomo halikueleweka. Nyumbani wakasema ni fedha, wakataka kuongeza salio. Tulikaa naye Jumamosi nzima juu ya barua yake ya kurasa mbili. Ukurasa mzima wa kwanza ulikuwa unasifu Ujerumani, na hakutaja hata mara moja kwamba amefanya kazi bandarini miaka minne, na kwamba kozi aliyoomba ilikuwa ya usafirishaji wa mizigo. Akaiandika upya kuanzia getini, saa kumi na moja alfajiri, malori yakiwa kwenye foleni. Akakiomba chuo kimsogezee nafasi hadi muhula uliofuata, kikakubali. Akaambatanisha barua ya msimamizi wake wa zamu, akapanga miadi mpya.